Neno Lililobaki Stoo

Mwaka 2022, wakati wa kipupwe, nikiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, niliingia eda katika nyumba yetu ya Lushoto, na wakati huohuo nikawa msimamizi wa ndege isiyoruhusiwa kuruka. Mume wangu, Rashidi Shemboza, alifariki Jumanne, tarehe 7 Juni. Ndege ilikuwa imesimamishwa tangu tarehe 1 Februari ya mwaka huo. Natanguliza tarehe hizi kwa sababu ninyi vijana mnaojifunza katika karakana yetu mmezoea kusema "kipindi kile" na "siku zile". Katika kazi ya ndege hakuna "siku zile". Ukiulizwa gundi ilipakwa lini, unataja siku.

Wengi wenu mnaniita Mama Zaina, nami naridhika na jina hilo. Tangu mwaka 1988 nilifanya kazi mbili katika kiwanja kidogo cha ndege kilichoko chini ya mlima, upande wa Mombo, katika shamba la mkonge. Kazi ya kwanza ilikuwa kushona na kutandaza kitambaa juu ya mbavu za mabawa. Kazi ya pili ilikuwa kuandika vibao. Kibao, kwa lugha ya karakana, ni andiko lolote lililobandikwa au kuchorwa kwenye ndege ili kumwambia mtu jambo asilopaswa kulikisia: mwendo usizidi kiasi gani, tangi linapokea mafuta gani, swichi hii inazima nini, mguu uwekwe wapi. Rashidi alikuwa fundi wa injini. Yeye aliifanya ndege iruke, mimi niliifanya iseme.

Nilianza kuandika kabla ya kujua kusoma. Msishangae. Mwanamke aliyezoea kudarizi mashuka hunakili ua lolote analowekewa mbele yake, na herufi kwangu zilikuwa maua yasiyo na rangi. Nilikata violezo kutoka kwenye picha za zamani za eksirei ambazo hospitali ilikuwa ikizitupa. Plastiki yake ni ngumu, haikunjamani, na haiyeyuki kwa rangi. Nilikuwa nikipaka neno kupitia ubavu wa mtu nisiyemjua aliyevunjika mwaka nisioujua. Leo mnapeleka maneno Tanga yakakatwe kwa kompyuta, yanarudi yakiwa stika nzuri zilizonyooka. Sizichukii. Ila stika iliyobandikwa juu ya vumbi huondoka na vumbi lake, na sijaona kompyuta inayofuta vumbi.

Kosa langu la kwanza kubwa lilimhusu Elia. Huyu ndiye Fundi Elia mnayemjua, Mzigua wa Handeni, na kwa hiyo mtani wetu sisi Wasambaa. Wiki aliyoajiriwa nilikuwa nimemaliza kuchora kibao cha "USIKANYAGE HAPA" juu ya bawa, kwenye kitambaa karibu na mlango. Herufi zilikuwa safi. Elia akapanda kutoka chini, akaweka mguu palepale, na mguu ukapotea ndani ya bawa mpaka gotini.

Rashidi alikuja mbio. "Wewe! Hukuona kibao?"

"Nimekiona," Elia akajibu, mguu ukiwa bado ndani. "Lakini kimepinduka. Nikadhani mkeo amewaandikia ndege wenye manyoya, wanaong'ang'ania kutua."

Alisema kweli. Nilikuwa nimekaa ndani ya ndege wakati wa kuchora, na nikachora neno lisomeke kutoka nilipokaa. Anayekanyaga bawa hatoki ndani. Anatoka chini. Rashidi hakunigombeza. Alinishika mkono, akanisimamisha chini mahali aliposimama Elia, akaniambia: "Mama Zaina, kibao hakiandikwi kwa mkono wa mwandishi. Kinaandikwa kwa jicho la atakayekisoma." Nikamwuliza jicho langu litajuaje ilhali halisomi. Jibu nikaamua kulitafuta mwenyewe. Januari 1990 nilijiandikisha katika darasa la elimu ya watu wazima, nikiwa na mabinti wawili, mmoja mgongoni. Tangu hapo sikuacha kusoma. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya Novemba 2011, mtahiniwa wa kujitegemea, mwenye umri wa miaka hamsini, katika chumba ambacho msimamizi alidhani nimemsindikiza mjukuu.

Mtihani huo una sehemu yake katika habari hii. Mwezi huohuo mwenye shamba alipokea ndege mpya ya viti viwili, nyepesi, ya kiunzi cha mabomba kilichovikwa kitambaa. Ilikuwa katika daraja linaloitwa la ndege nyepesi za michezo, na kanuni zilitaka jina la daraja hilo liandikwe ubavuni, chini ya mlango. Mwandishi alikuwa katika chumba cha mtihani. Rashidi akasema ataandika mwenyewe, kwani ni jambo gani? Niliporudi nilikuta maneno mawili ya Kiingereza yanayopanda kama njia ya Soni. Herufi ya kwanza ilikuwa chini, ya mwisho ilikuwa inatafuta dirisha.

"Yamepinda," nikamwambia.

"Yanaruka," akanijibu.

Niliomba kuyafuta na kuyaandika upya. Akakataa. Niliomba tena kila mwaka ndege ilipofanyiwa ukaguzi mkuu, naye alikataa kila mwaka, akisema mtu aliyeoa mwandishi ana haki ya kuandika mara moja katika maisha yake. Tukawa tunacheka. Wakaguzi walikuja wakapita. Kanuni inadai neno lisomeke, haidai lipendeze.

Mwaka 2017 mwenye shamba alifunga shughuli zake za ndege. Wafanyakazi wengine walipewa baiskeli, cherehani, magodoro. Rashidi alipewa ndege, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kuilisha. Tukapanga jambo moja: karakana iwe mahali pa kufundishia, na ndege hiyo iwe ubao wetu wa kufundishia. Kitambaa hakijifunzwi kwa picha. Ni lazima uguse bawa lililokaza kama ngoma ndipo ujue lililolegea likoje. Rubani mmoja wa kujitolea alikuwa akiirusha mara chache, ili wanafunzi waone kwamba kazi yao inashika upepo.

Kisha kiwanda kilichoiunda, huko Ulaya, kikafa. Eleweni jambo hili vizuri, kwa maana mtakutana nalo. Ndege ya daraja lile hutegemea kiwanda chake: kiwanda ndicho kinachotoa maelekezo ya usalama na kukubali vipuri. Kiwanda kikifungwa, hakuna anayeisemea. Mamlaka ikatuandikia kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 2022 ndege hairuki, mpaka tuchague: ibaki chini daima, au ihamishiwe daraja la majaribio. Katika daraja la majaribio mwenye ndege ndiye anayebeba dhamana. Harushi kwa kukodisha, anaruka katika eneo alilopangiwa, na anamwambia wazi kila anayepanda kwamba chombo hiki hakikukubaliwa kwa viwango vya ndege za kawaida. Hilo la kuambiana wazi ndilo kazi ya vibao. Rashidi aliandika maombi mwezi wa Machi. Juni tukamzika.

Siku ya mazishi Elia alifanya kama mtani anavyopaswa. Alijilaza mlangoni akidai marehemu amekufa na spana yake namba kumi na tatu, na kwamba jeneza halitoki hadi mifuko ya sanda ipekuliwe. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku wanalia. Akaambiwa sanda haina mifuko. "Ndiyo maana Wasambaa hawaogopi kufa na vitu vya watu," akasema, akainuka, akabeba jeneza mbele.

Baada ya khitma, shemeji yangu Bakari aliomba kuzungumza nami. Bakari ni mdogo wake Rashidi, seremala wa Bungu, mtu mpole na mnyoofu. Mungu alitujalia mabinti wawili bila mtoto wa kiume, kwa hiyo kwa sheria yetu Bakari naye ni mrithi, na neno lake lina uzito. Alikaa barazani, mimi nikiwa ndani nyuma ya pazia.

"Shemeji," akasema, "sisemi kwa tamaa. Kuna mtu wa Arusha anataka injini. Magurudumu yana mtu wake. Kiunzi kitanunuliwa na mafundi wa mageti."

"Unataka ikatwe vipande."

"Kitu kisichofanya kazi si urithi, ni mzigo. Kaka alikipenda, najua. Lakini kitakaa pale kiliwe na panya, na wewe utakuwa unashuka mlima kwenda kukitazama kama kaburi la pili."

Sikuweza kusema amekosea. Nilimwomba kitu kimoja: angoje mpaka eda yangu iishe, katikati ya Oktoba. Siku nitakapotoka, kama ndege haina cheti cha daraja jipya, nitaweka sahihi ikatwe. Kama ina cheti, inabaki nzima. Akakubali. Tukapeana ahadi hiyo mbele ya binti yangu Zaina.

Sasa tazameni hali ilivyokuwa. Mjane katika eda hukaa ndani. Hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio maharimu huzungumza naye nyuma ya pazia. Ndege ilikuwa chini ya mlima kwenye joto, mwandishi alikuwa juu ya mlima kwenye ukungu, na kati yetu kulikuwa na ile barabara ya kona. Elia alikuja Jumamosi, akakaa barazani, akanisalimu kwa Kisambaa.

"Onga mshi, mama. Nimekuja kuwaona wajane wangu wawili."

"Wawili?"

"Wewe na ndege. Naye yumo eda. Hatoki, hapambwi, anangoja karatasi."

Nilimwambia anyamaze, tupange kazi. Vibao vidogo vya ndani havikunipa shida: cha mwendo, cha uzito, cha mafuta, cha kukataza ndege kuzungushwa kwa makusudi angani. Hivyo niliviandika juu ya meza yangu ya kushonea. Kile cha abiria nilikiandika kwa Kiingereza kama kanuni ilivyotaka, kisha chini yake nikaongeza Kiswahili: "Abiria: ndege hii ni ya majaribio. Haikukubaliwa kwa viwango vya ndege za kawaida."

Elia akakisoma, akakirudisha chini ya pazia. "Ukimwandikia mtu hivi, nani atapanda?"

"Atakayepanda atakuwa amesoma."

Shida ilikuwa neno kubwa. Neno lenyewe lilitakiwa kwa Kiingereza, EXPERIMENTAL, kwa herufi zisizopungua sentimita tano, karibu na kila mlango wa kuingilia. Hilo sikuthubutu kumwachia Elia. Mkono wake ni wa spana. Nikafikiri, nikaamua: kama mwandishi hawezi kwenda mlangoni, mlango uje kwa mwandishi. Milango ya ndege ile ni myepesi, hata mtoto huibeba. Malori ya mboga hushuka Mombo yamejaa kabichi na karoti, hupanda yakiwa matupu. Elia akaifunga milango miwili katika blanketi, akaipandisha juu ya lori, akamwambia dereva aiangalie kama mayai. Ilifika kwangu inanuka kabichi, na jani moja limenasa kwenye bawaba.

Nilifanya kazi ile sebuleni. Nikaosha kitambaa cha mlango, nikakisugua kidogo ili rangi ishike, nikapiga mistari, nikapaka tabaka jepesi la kwanza, nikangoja, nikapaka la pili. Julai ya Lushoto rangi haikauki haraka, na nililala na blanketi mbili nikinusa rangi. Nilipima nafasi kati ya herufi kwa jicho, si kwa rula, maana herufi nyembamba na nene zikipewa nafasi sawa huonekana zimesongamana upande mmoja. Zaina alisema hajawahi kuona neno zuri namna ile. Nami, nakiri kwa fahari, nilikuwa na mawazo hayohayo. Milango ikashuka na lori, safari hii juu ya magunia ya viazi.

Mkaguzi alikuja kiwanjani Alhamisi, tarehe 8 Septemba. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa binti yangu wa pili. Mimi sikuwapo, kwa hiyo nawapa habari kama Elia alivyonipa jioni ileile, akiwa amepanda mlima kwa ajili hiyo tu.

Elia alipofika barazani hakuanza kwa utani. Nikajua kuna jambo.

"Sema, mtani."

"Vibao vya ndani amevisifu. Cha abiria amekipiga picha. Akazunguka ndege mara mbili. Akaniuliza: 'Fundi, neno liko wapi?' Nikamwambia: 'Liko stoo.'"

"Liko nini?"

"Stoo. Akauliza: 'Stoo ya nani?' Nikamwambia, ya kwetu, limeandikwa vizuri sana, twende ukalione. Akanitazama. Akasema: 'Fundi, na abiria naye utampeleka stoo kwanza, ndipo apande?'"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Sikuwa nimecheka hivyo tangu Juni.

Kule chini, watoto wangu, milango ya ndege ile haikai kwenye ndege. Mombo kuna joto. Tangu mwaka 2011 kila aliyeiendesha ndege ile, hata kuisogeza tu kivulini, aling'oa milango kwanza na kuitundika kwenye misumari ya stoo. Kitabu chake kiliruhusu iruke bila milango. Na aliyepigilia misumari ile ya stoo ni mimi. Lakini nilipokuwa huku juu, nimejifunga shuka, madirisha yamefungwa kwa baridi, akili yangu ilikuwa imefunga kila mlango. Nikauandikia mlango kana kwamba kuna mtu anayeufunga. Miaka zaidi ya thelathini baada ya mguu wa Elia, nikawa nimeandika tena kutoka nilipokaa mimi.

"Si hilo tu," Elia akasema, na sauti yake ikashuka. "Ameona karatasi ya gundi niliyobandika ubavuni, chini ya mlango. Akauliza nimefunika nini. Nikamwambia, mwandiko wa marehemu."

"Elia, nilikwambia uufute."

"Uliniambia. Nikashika msasa mara tatu. Mama Zaina, mimi na yule mtu tumekula ugali sufuria moja. Nikaona nifunike."

Mkaguzi alikuwa amemwambia kwa upole: Mungu amrehemu marehemu, lakini maneno yake yanataja daraja la zamani, na ndege haiwezi kuwa na madaraja mawili. Yafutwe, yasifunikwe. Neno jipya liwe kwenye kiwiliwili cha ndege, chini ya tundu la mlango, lisomeke mlango ukiwapo au usipokuwapo. Yaani palepale pa maneno ya Rashidi, kwa kuwa upande ule hapakuwa na pengine penye nafasi. Angerudi Jumatatu, tarehe 10 Oktoba, na hangeweza kurudi tena mpaka mwakani. Eda yangu ilikuwa inaisha wiki hiyohiyo ya tarehe 10, baada yake. Ahadi yangu na Bakari ilikuwa inaisha pamoja nayo.

Kukata kiolezo cha neno zima ningeweza. Kupaka rangi kupitia kiolezo hata Elia angeweza, akisimamiwa kwa simu. Jambo lililonikosesha usingizi ni kufuta, kazi ambayo mwanzoni nilimwagiza Elia bila kufikiri. Rangi ya kitambaa ina tabaka. Juu kabisa kuna ya kung'aa, chini yake rangi yenyewe, na chini yake kuna rangi ya fedha inayokinga kitambaa na jua. Unapofuta herufi hutumii wembe wala hukimwagii kitambaa tina kama unayeosha brashi. Unatumia msasa laini wa maji, mkono mmoja, mwelekeo mmoja, na ukiona fedha inaanza kuchungulia, unaacha hapohapo. Ukivuka fedha umefika kwenye uzi, na uzi ukichanika, ubavu mzima unavuliwa na kuvishwa upya. Hatukuwa na muda wa kuvisha upya. Kazi hiyo ilitaka mtu aliyeishi na msasa mkononi. Nilimjua mmoja tu, na ndiye aliyekuwa akingoja ndege ikatwe.

Nilimpigia simu Bakari asubuhi iliyofuata, Elia akiwa bado barazani anakunywa chai.

"Shemeji, kuna kazi ya msasa huko chini Mombo."

"Kitanda?"

"Ndege."

"Ile ninayosema iuzwe?"

"Hiyohiyo."

"Shemeji, unaniomba nibebe kuni za kuchomea neno langu mwenyewe."

"Nakuomba mkono. Kama hutaki, sitakulaumu, ahadi yetu inabaki vilevile. Lakini Elia akishika msasa atatokea upande wa pili wa ndege."

"Nimesikia!" Elia akapaza sauti kutoka barazani. "Na ni kweli!"

Bakari alishuka kutoka Bungu Jumatano, tarehe 21 Septemba, na msasa wake, ndoo, na kitambaa laini anachong'arishia viti vya maharusi. Elia akabandua karatasi ya gundi. Simu yangu ikalia.

"Shemeji," Bakari akasema. "Huu ni mkono wa kaka."

"Najua."

"Umepinda."

"Najua. Nilimwambia tangu siku ile ile."

Nikasikia upepo wa kiwanjani kwenye simu, na kuku wa mlinzi. Kisha akasema: "Sasa mimi ndiye nimfute?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo kabla yake, usiku mwingi. Mtu aliyeomba kwa miaka kuyafuta maneno yale alikuwa mimi. "Ninayefuta ni mimi, Bakari," nikamwambia. "Wewe umenishikia msasa. Anza na herufi ya mwisho, ile inayotafuta dirisha."

Alifanya kazi siku nzima. Hakukata simu, aliiweka juu ya kiti cha rubani, nami nikawa nasikia maji yakikamuliwa na msasa ukipita. Adhuhuri aliswali, akarudi. Karibu na alasiri msasa ukasimama.

"Shemeji, kuna mistari."

"Mistari gani?"

"Ya penseli. Chini ya rangi. Miwili, wa juu na wa chini, kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimeipima kwa rula yangu." Akapangusa maji. "Imenyooka kabisa. Kaka alipiga mistari sawasawa. Herufi ndizo zilizokataa kuifuata."

Miaka yote ile nilidhani hakupiga mistari. Alikuwa amepiga, tena kwa namna niliyomfundisha mimi mwenyewe kwa ajili ya kazi zangu, kisha mkono wake wa injini ukaenda unakotaka.

"Fedha imechungulia?" nikauliza.

"Bado."

"Basi usiguse tena. Iache mistari. Kiolezo nitakachokuleteeni mkiweke juu yake."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kiolezo nilikikata kutoka kwenye picha za eksirei zilizobaki katika sanduku langu, nikaziunganisha kwa gundi, nikazipima zitoshee kati ya mistari ambayo sikuiona kwa macho. Elia alipaka rangi, Bakari alishika kiolezo, mimi nikawakemea kwa simu. Upande wa pili, ambako hapakuwa na mwandiko, walipiga mistari mipya. Bakari mwenyewe anasema mistari ile mipya haikufikia ile ya kaka yake. Jina la zamani la daraja likabaki historia, na milango yangu yenye neno zuri ikarudi kwenye misumari yake.

Jumatatu, tarehe 10 Oktoba 2022, mkaguzi alimaliza ukaguzi kabla ya adhuhuri. Aliitazama ndege bila milango, akaagiza milango iwekwe, akaitazama tena, akainama kama mtu anayeingia. Kisha akasema panahitajika sahihi ya msimamizi wa mirathi na ya mrithi mwenzake, na kwa kuwa msimamizi hashuki, yeye atapanda. Wakaja kwa gari lake wote watatu, yeye, Elia na Bakari. Kwa kuwa alikuwa mwanamke, aliingia ndani mpaka nilipo. Alinipa shikamoo, akanipa pole ya msiba, akakaa kwenye kiti cha cherehani. Bakari na Elia wakabaki barazani.

Akataka kunisomea. Nilimshukuru, nikamwomba aniachie nisome mwenyewe. Nilisoma kwa sauti, kila kifungu, ili shemeji yangu asikie nyuma ya pazia kile anachokubali: ndege haikodishwi; haipiti juu ya mikusanyiko ya watu; kila anayepanda ataonyeshwa kibao; dhamana ya chombo ni ya mwenye chombo; warithi hawana pingamizi kibaki kizima na kitumike. Nikaweka sahihi yangu, jina kamili. Nikapitisha karatasi na kalamu chini ya pazia.

Bakari akaiinua karatasi kwenye mwanga.

"Saini, bwana," Elia akasema, "kabla hujapewa msasa mwingine."

"Nawe subiri," Bakari akajibu. "Nasoma." Akasoma taratibu, kama anayepima ubao. Kisha akasema, si kwa Elia: "Shemeji, yule wa Arusha nilimpigia jana. Nimemwambia injini ina ndege yake."

Nikasikia kalamu inapita juu ya karatasi. Ikasimama.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.

"Muulize huyo wa ndani," Elia akasema. "Sisi wengine tunaishi tu."

Nikamtajia.